Tusimnyamazishe Tamari

Leo twafungua 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme, alimkatalia Amnoni kwa maneno wazi, naye Amnoni akamshinda nguvu. Absalomu, ndugu yake, akamtaka anyamaze. Daudi alikasirika sana, lakini hatusomi popote kwamba alimhukumu mwanawe. Tamari akabaki mkiwa.

Nasi wa Kitengela na Kajiado, je? Mtoto akinajisiwa na jirani katika ploti, au binti akishikwa kwa nguvu malishoni, wako wasemao, "Haya tuyamalize nyumbani." Wazee huketi, ng'ombe au fedha hutolewa, na aliyeumizwa haulizwi neno.

Basi tuijue sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yasema kwamba kumwingilia mtu bila idhini yake ni ubakaji. Kuingiza kidole au kifaa katika sehemu za siri za mwingine isivyo halali ni shambulio la kingono. Makosa yote mawili yana kifungo kisichopungua miaka 10. Na idhini ni nini? Ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Aliyelala au aliyetishwa hakukubali. Naye mtoto wa chini ya miaka 18, hata akisema ndiyo, neno lake halihesabiwi kuwa idhini. Huo ni unajisi.

Ng'ombe hawafuti kosa hilo. Kesi ni ya Jamhuri. Kuikomesha si uamuzi wa baba, wala wa wazee, wala wa mchungaji.

Jambo hili likitupata, tumpeleke mwenzetu hospitali upesi, saa 72 zisipite, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haingoji. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Kisha twende polisi pamoja naye.

Katika Kumbukumbu la Torati 22, msichana aliyeshikwa shambani hahesabiwi hatia. Amefananishwa na mtu aliyeshambuliwa na muuaji. Mbona basi sisi twamwuliza alivaa nini?

Tuombe. Ee Bwana, usikiaye kilio cha waliofungwa vinywa, utupe ujasiri wa kusimama upande wao, hata mkosaji akiwa wa nyumba yetu. Amina.