Simu ya Mkopo Imekufa Betri, Deni Je?

(Maneno ya Katibu wa Chama wa kijiji kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Leo sisemi habari ya mbolea, hiyo ataieleza Bwana Shamba. Nimeomba nafasi kwa ajili ya hizi simu za mkopo. Wengi wetu tumezichukua, na si kosa, maana siku hizi hata fedha ya mazao inapitia humo. Kosa ni kuzichukua kama mtu anayenunua kiberiti.

Hebu tufanye hesabu kama darasani. Tuseme simu dukani ni shilingi 250,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa kwanza 50,000, halafu 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla 415,000. Ile 165,000 iliyozidi ni bei ya kusubiriwa. Sawa, umekubali mwenyewe. Lakini aliyelipa bei kubwa namna hiyo anastahili simu inayofanya kazi, si ndiyo?

Sasa sikilizeni. Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nilisema jambo lake bila jina, simu yake ilivimba betri mwezi wa nne. Kioo kikainuka kama chapati. Alikuwa ameshalipa 170,000. Akaona uchungu, akaacha kulipa, kimya kimya. Siku chache baadaye simu ikafungwa kutoka huko huko kwa wenyewe, na hata angetiwa betri mpya isingefunguka. Kwa hiyo mwenye haki akageuka mdaiwa. Hapo ndipo aliponijia.

Tulikwenda mjini wawili. Muuzaji akatwambia, "Mzee, betri ni kama tairi, huchakaa." Nikamjibu, kweli tairi huchakaa, lakini likipasuka kabla hujafika nyumbani, hilo halikuchakaa, lilikuwa bovu. Betri za simu hizi za kisasa hukadiriwa kuwa baada ya kuchajiwa mara 500 hivi bado zitabaki na karibu asilimia 80 ya nguvu yake. Miezi minne ukichaji kila siku ni mara 120 tu. Betri ikipungua nguvu kidogo kidogo mwaka wa pili, huo ni uzee. Ikivimba mwezi wa nne bila kuanguka wala kuanikwa juani, lazima muuzaji aeleze.

Akasema tena, "Imeingia maji." Basi tukamwambia aifungue mbele ya macho yetu. Ndani ya simu nyingi kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kilikuwa cheupe pee. Hapo bwana yule akaanza kuongea taratibu.

Sheria inasemaje? Ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kuuzwa, kitu kinachofanana na maelezo yake. Ila ukikikagua kabla ya kununua, kasoro uliyopaswa kuiona hapo hapo ni juu yako. Kwa hiyo kagueni, jamani, msione haya mbele ya vijana wa dukani. Lakini ubovu uliojificha ndani ya betri nani angeuona? Tena ipo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Hiyo inakataza kumdanganya mnunuzi, na malalamiko ya bidhaa unaweza kuyapeleka kwao. Ubovu wa laini na mtandao ni kazi ya TCRA. Msichanganye, mtazungushwa bure.

Sasa la kufanya. Betri ikivimba, acha kuchaji saa ile ile. Usiitoboe, usiitupe motoni, usilale nayo kitandani. Inaweza kulipuka moto, na nyumba zetu nyingine ni za nyasi. Toa laini uiweke kwenye simu nyingine, hata ya tochi, maana fedha yako imefungamana na laini, simu ni chombo tu. Usimpe fundi wa gulioni aifungue, watasema wewe ndiye uliyeiharibu. Peleka dukani na risiti, na mkataba, na barua.

Barua ndiyo silaha. Andika nakala mbili: tarehe uliyochukua simu, tarehe ilipoharibika, ulicholipa mpaka leo, unachotaka. Weka na ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, ili wasikurudishie simu ya mtu mwingine. Nakala yako waigonge mhuri. Na ndani ya barua uombe siku za matengenezo zisihesabiwe kwenye malipo. Ukinyamaza tu na kuacha kulipa, umewapa wao fimbo.

Mwenzetu hakuwa na barua. Simu ilikaa kwao siku 19, wakatia betri mpya bila malipo, hilo wamelitimiza. Lakini siku hizo 19 zikaandikwa deni. Shilingi 19,000 kwa simu iliyokuwa kwenye kabati lao! Na aliyemkopesha ni kampuni nyingine, duka linasema halihusiki. Tumeandika barua kwa wote wawili. Wasipojibu tunakwenda kwenye Tume.

Niseme na langu, msije mkanicheka nyuma ya mgongo. Mimi ninayefundisha kisomo hapa nilisaini mkataba wa simu yangu bila kuusoma. Maandishi madogo, kijana ana haraka, foleni nyuma yangu. Nilipoufungua nyumbani nikakuta waranti ya simu ni miezi 12, ya betri ni miezi 6, na mwezi wa sita ulikuwa umeshapita wiki mbili.

Jumatano baada ya kisomo, wote wenye mikataba waje nayo. Tutaisoma pamoja mstari kwa mstari, na asiyejua kuandika barua ataandikiwa na mwenzake, kisha atainakili kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi zipo, kalamu kila mtu aje na yake.