Tutenge Saa ya Sala

(Hotuba iliyotolewa katika ibada ya asubuhi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Maramba)



Nimeombwa niseme machache juu ya sala ya kila siku na kusoma Maandiko. Mimi si mchungaji. Ni mtumishi wa serikali, na siku zangu hupita katika majalada, barua na mikutano. Kwa hiyo nitasema habari za mtumishi wa serikali mwenzangu, Danieli.

Wengi wetu tunamkumbuka Danieli kwa ajili ya simba, tukasahau kazi yake. Mfalme Dario aliweka maliwali 120 katika ufalme wake, na juu yao mawaziri watatu wa kupokea hesabu, ili mfalme asipate hasara. Danieli alikuwa mmoja wa hao watatu. Wenzake walipomwonea wivu waliipekua kazi yake yote, wasione hesabu iliyopungua wala neno la hila. Ndipo wakamtafutia kosa katika sala zake. Na hawakupata taabu kumkuta, maana mara tatu kila siku alipiga magoti chumbani mwake, madirisha yakielekea Yerusalemu.

Tuangalie mambo mawili hapo. Kwanza, mtu mwenye kusimamia maliwali wengi hivyo hakukosa nafasi ya kusali. Pili, amri ya kukataza sala ilipotoka, hakuanza sala mpya kwa hofu. Aliendelea kama alivyozoea. Ujasiri wa siku ile alikuwa ameuweka akiba katika siku nyingi za kawaida.

Vijana, jambo hili litawahusu. Bahasha haileti taarifa kabla ya kuja. Huja siku ya kazi kama siku nyingine, ada ya watoto haijalipwa, na anayeileta ni mtu mnayefahamiana naye, anasema, "Chukua hii ya chai, mzee." Saa hiyo hakuna nafasi ya kwenda kutafuta Biblia. Jibu lako litatoka katika kile ulichokwisha kukiweka moyoni. Nehemia alipoulizwa na mfalme anataka nini, alisali palepale kabla hajajibu. Sala ile ilikuwa ya dakika moja, lakini nyuma yake palikuwa na kufunga na kuomba tangu mwezi wa Kisleu hata Nisani, yaani miezi ipatayo minne.

Tusiseme hayo yalikuwa ya watu wa kale. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais wa nchi hii hadi 1985, alijulikana kwa kuhudhuria misa ya asubuhi. Na mwaka 1996 zilichapwa tenzi alizotunga kutokana na Injili zote nne na Matendo ya Mitume. Hawezi mtu kuyatia Maandiko katika vina na mizani kama hakukaa nayo siku nyingi.

Hapa pwani mfano mwingine uko jirani. Adhana ya adhuhuri ikilia, mwenye duka Mwislamu huacha mizani yake, akaenda kuswali, akarudi. Na biashara haifi. Hangoji apate nafasi, maana saa imekwisha wekwa. Mkristo anayesema, "Nitasali nikipata nafasi," hataipata. Nafasi hutengwa.

Basi tufanyeje? Chagua saa moja, hasa alfajiri. Hata Bwana Yesu aliamka kabla ya mapambazuko akaenda mahali pa faragha kuomba. Robo saa yatosha kuanzia, na simu ya mkononi isiguswe kwanza. Chagua mahali pamoja. Mwanafunzi wa bweni aweza kukaa chini ya mti. Kisha shika kitabu kimoja. Injili ya Marko ina sura 16. Ukisoma sura moja kwa siku utaimaliza katika siku 16. Mithali ina sura 31; soma ile ya tarehe ya leo. Ukikosa siku moja, usijitwike deni la sura za jana. Soma ya leo, uendelee.

Mtu asidharau robo saa. Mkonge ulioenea katika mkoa wetu huu ulianza na miche 62 tu, iliyosalimika katika shehena aliyoagiza Dakta Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa huko Pangani. Aliyeiona siku ile hakuona mashamba. Lakini ilipandwa, ikapaliliwa, ikazaa.

Ndugu zangu, kesho asubuhi wengine tutarudi makazini na ninyi mtarudi darasani. Kabla ya kulala usiku huu, kila mmoja aamue saa yake.

 Mungu aibariki shule yetu.