Mapishi yetu tuyaweke wapi?



Wakati wa kukimbia, mapishi tuliyabeba kwa kichwa tu. Leo tunayaandika kwa simu: sombe na mafuta ya ngazi, lituma, samaki wa Elila. Ni vizuri. Lakini kwa programu gani?

Tuulize maswali matatu. Inafunguka bila rezo? Hapa Pangi hilo ndilo la kwanza. Ni ya bure? Paprika imetengenezwa kwa mapishi, lakini kuitumia yote ni kulipa. Na mapishi yanaweza kutoka mule, yaende kwa simu ingine? WhatsApp tunaipenda, lakini ujumbe unakaa ndani ya simu. Simu ikipotea bila nakala, na mapishi yamepotea. Joplin ni ya bure, inaandika bila rezo, inapanga kwa madaftari, na inatoa nakala.

Tuandike pia vipimo: vikombe vingapi, saa ngapi kwa moto. "Chumvi ya kutosha" mtoto aliyezaliwa ukimbizini hataielewa.

Na kaye ya shirika ibaki. Kaye haiombi kura. Mwenye pishi jipya alete kwa mkutano, tuliandike pamoja na jina la mama aliyelifundisha.