Karatasi Yangu Haipotei

[Muziki wa kufungua kipindi. Unapungua polepole.]

MTANGAZAJI: Leo mgeni wetu ni mama muuza dagaa wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Anaishi na saratani ya ovari ya aina isiyo ya kawaida. Karibu mama, uwanja ni wako.

MAMA: Asante mwanangu. Shikamooni wazee wangu, na wengine wote hamjambo.

Mimi si mkimbizi, lakini kuvuka mpaka ndiyo kazi yangu. Dagaa nanunua upande mmoja, nauza upande wa pili. Uganda wanawaita mukene, Kenya wanawaita omena, samaki ni yule yule.

Hedhi yangu ilikuwa imekoma miaka minne. Siku moja damu ikarudi. Wenzangu sokoni wakacheka: “Ujana umerudi!” Nami nikacheka nao. Miezi ikapita, tumbo likajaa, sketi zikakataa kufunga. Zahanati ya kwanza walinipa dawa za minyoo. Ya pili walinipima mlango wa kizazi, wakasema ni mzima. Nikaenda nyumbani nimetulia. Kumbe kipimo kile hakioni ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai ya uzazi vilivyo ndani zaidi. Likumbuke hilo, dada yangu.

Mwishowe mhudumu mmoja aliniuliza: “Mama, hedhi ilikoma lini?” Nilipomjibu, akaniandikia rufaa siku hiyo hiyo nikapigwe picha ya altrasaundi. Nikafanyiwa upasuaji, uvimbe ukapelekwa maabara. Jibu likaja: uvimbe wa chembe za granulosa. Katika wanawake mia wenye saratani ya ovari, wenye aina hii ni kama wawili hadi watano.

Uvimbe huu hutengeneza homoni ya kike, ndiyo maana damu hurudi. Msichana mdogo unaweza kumletea matiti na hedhi kabla ya wakati. Ukiona mtoto wa miaka sita anaota matiti, usimpige kwa kumshuku wala usimfiche. Mpeleke kituo cha afya. Si kila damu ni kansa, lakini damu inayorudi baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe.

Lililonishtua zaidi ni hili: ugonjwa huu huenda polepole, na unaweza kurudi baada ya miaka kumi, hata ishirini. Siwezi kusema “nimepona, basi.” Kila baada ya miezi kadhaa narudi kliniki kupimwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo silali.

Karatasi zangu nimezitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho. Wewe uliyekimbia vita unajua mtu huokoa nini: mtoto, sufuria, karatasi. Jibu la maabara nalo liweke humo. Ukifika nalo Kakuma, Nakivale au Nyarugusu, daktari ataanzia hapo. Ukifika mikono mitupu, ataanza upya.

Sasa nizungumzie pesa. Chama chetu cha soko kiliponichangia matibabu, ilikuwa harambee kama zote: beseni katikati, jina la mchangaji linasomwa. Kila mtu alijua pesa inakwenda kwa nani. Mwaka uliofuata nikaomba tuchange tena, safari hii kwa ajili ya utafiti. Kimya. Mwenzangu mmoja akauliza, “Huyo utafiti ni nani? Amelala kitanda gani?”

Lilikuwa swali zuri. Nikawaeleza nilivyoelezwa kliniki. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walitangaza kwamba walichunguza uvimbe kama wangu kutoka kwa wanawake wanne. Wote wanne walikuwa na kasoro ile ile katika jeni moja. Wakapima wengine 89, na 86 kati yao wakawa nayo. Leo daktari akiwa na shaka kuhusu uvimbe, anaweza kuitafuta kasoro hiyo. Wanawake wanne walifungua mlango.

Na hapa kwetu, Dkt. Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, alitunza kwa makini kumbukumbu za wagonjwa wake wa kansa. Zilisaidia kuielewa ile kansa ya taya za watoto ambayo Dkt. Denis Burkitt wa Kampala aliieleza mwaka 1958. Leo watoto wengi wanaowahi dawa zake hupona. Mwanzo wake ulikuwa mtu mwenye kalamu na wazazi waliomleta mtoto.

Basi chama kikakubali. Tukakusanya shilingi 12,000 za Kenya, nauli ya wanawake sita kurudi kliniki, maana mgonjwa asiyerudi hupotea daftarini, na alichokuwa nacho cha kufundisha hupotea naye. Tulipewa risiti, ikasomwa mbele ya wote. Wanne walirudi. Mmoja alihama, hatujui aliko. Mmoja tulimzika.

Wewe kambini sikuombi shilingi. Lakini ukiombwa kushiriki utafiti, uliza: Mnatafuta nini? Damu yangu itawekwa wapi? Nani ataliona jina langu? Una haki ya kukubali, ya kukataa, na ya kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu. Mtu akikutoza pesa ili uingie kwenye utafiti, mkatae. Akipita akichangisha, mwombe risiti, na uulize ofisi ya afya ya kambi kama wanamjua.

Na jirani yako akikwambia kwa kicheko kwamba damu imerudi, usicheke kama tulivyocheka sisi. Mshike mkono, mwende pamoja.

Mwezi ujao napimwa tena. Karatasi ziko tayari.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kama una dalili alizotaja, mwone mhudumu wa afya wa kambi yako wiki hii. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.

[Muziki wa kufunga.]