Profesa Hawking na Chombo Kilichoitwa Uhuru
(Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Juja)

Wako watu wadhanio kwamba elimu ya nyota ni jambo la Ulaya na Marekani tu. Basi na wasikilize habari ya dau walilowekeana wataalamu wawili mwaka 1974, ambalo asili yake ilikuwa chombo kilichorushwa kutoka pwani ya Kenya.

Mmoja wao alikuwa Stephen Hawking, Mwingereza, aliyezaliwa Oxford tarehe 8 Januari, 1942. Alipokuwa na umri wa miaka 21 madaktari walimwambia kuwa ana ugonjwa wa neva udhoofishao viungo vyote, na ya kwamba huenda asiishi zaidi ya miaka miwili hivi. Aliishi hata mwaka 2018. Mikono iliposhindwa kushika kalamu alijizoeza kufanya hesabu ndefu kichwani. Na alipopoteza sauti mwaka 1985, alisema kwa mashine.

Kazi yake kubwa ilihusu mashimo meusi. Atakaye kufahamu jambo hili na aende akasimame penye Maporomoko ya Kumi na Nne, upande wa Ol Donyo Sabuk. Samaki aliye mbali na maporomoko aweza kuogelea kurudi alikotoka. Lakini akifika karibu na ukingo, mkondo humshinda mbio, naye hana budi kuanguka. Shimo jeusi ni vivyo hivyo. Nyota kubwa hujiporomokea kwa uzito wake, na mvuto wake huwa mkali hata nuru yenyewe, ipitayo vitu vyote kwa kasi, ikiisha kuvuka mpaka hairudi.

Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba mashimo hayo si meusi kabisa: hutoa joto dogo mno, na baada ya muda mrefu usio kifani hutoweka. Wenziwe walistaajabu. Hata leo joto hilo halijapata kupimwa kutoka shimo lolote la angani.

Lakini je, mashimo yenyewe yako? Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, Wataliani walirusha chombo cha Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei za nyota, zisizoweza kupenya hewa ya dunia. Kwa heshima ya wenyeji kiliitwa Uhuru. Katika kundi la nyota la Cygnus kilikuta kitu ambacho eksirei zake zilibadilika mara kadhaa katika sekunde moja, dalili ya kitu kidogo sana. Na wenye darubini wakaona hapo nyota kubwa ikizungukana na mwenzi asiyeonekana.

Hawking akaweka dau na rafiki yake, Kip Thorne wa Marekani, kwamba kile si shimo jeusi. Ajabu ni kwamba alitamani kushindwa! Alikuwa ametoa miaka mingi kwa mashimo hayo. Kama hayapo, kazi yote ni bure, lakini angalau angepata faraja ya kuletewa gazeti la mzaha kwa miaka minne. Mwaka 1990, ushahidi ulipozidi, yeye na rafiki zake waliingia ofisini mwa Thorne, mwenyewe akiwa safarini Moscow, wakaandika kwenye hati ya dau kuwa ameshindwa. Hawking akaithibitisha kwa alama ya kidole gumba.