Ushuhuda Wako Usiandikwe na Mjomba

(Maneno haya yalisemwa kwa vijana na wazazi katika siku ya vijana ya mkutano wetu wa maadhimisho, kisha yakaandikwa kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.)

 

 Mimi ni mwalimu wa sekondari na mzee wa kanisa, natoka Sirari, pale mpakani. Nimeombwa kuzungumza na vijana wanaotaka kuomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, maana kila mwaka mnaniuliza habari hiyo hiyo. Basi nitasema ninayoyajua. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, mtanisamehe.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu alimaliza kidato cha sita na alama nzuri. Akataka kuomba chuo Marekani. Mimi nikajiona fundi wa insha. Nikamwambia, "Wewe lete fomu, mengine niachie mjomba wako." Nikaandika. Nikamfanya mwanzilishi wa mradi wa kisima cha kijiji. Jamani, kisima kilikuwepo, lakini yule kijana hakukianzisha. Yeye alikuwa akichota maji tu kama watoto wengine.

Chuo kimoja kikamwita kwenye mahojiano kwa njia ya video. Mimi nimekaa pembeni nasikiliza. Mama mmoja mpole akamwuliza, "Nieleze habari za kisima chenu. Kina urefu wa mita ngapi kwenda chini? Fundi mlimpata wapi?" Kimya. Akauliza tena, taratibu. Kijana akanitazama, machozi yamemjaa, akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "Samahani mama, hayo aliyaandika mjomba."

Jibu lilipokuja lilikuwa hapana. Sikushangaa. Lililoniuma ni kwamba kwa muda wa mwezi mzima yule mtoto alinisalimia "shikamoo" na hakuongeza neno. Mwishowe nilikwenda kwa dada yangu, nikamwomba kijana msamaha mbele ya mama yake.

Sasa sikilizeni. Sisi katika ushirika wetu tunajua ushuhuda ni nini. Mtu anasimama, anasema lililomtokea yeye, mahali fulani, wakati fulani. Hakuna anayesimama kutoa ushuhuda wa jirani. Maombi ya chuo ni vivyo hivyo. Walioko upande wa pili hawakujui, hawajawahi kufika kwenu. Wanataka kumsikia mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Vyuo zaidi ya 1,000 hupokea maombi kupitia fomu moja ya intaneti iitwayo Common App. Vipo vyenye fomu yao wenyewe, kama MIT. Fomu ya Common App hufunguliwa upya tarehe 1 Agosti kila mwaka. Maombi ya mapema vyuo vingi huyafunga mwanzoni mwa Novemba, na yale ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Sasa tazama kalenda yako. Wewe wa Kenya unayefanya mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba, maombi yatakukuta katikati ya mtihani, kwa hiyo insha yako iwe tayari kabla ya Oktoba. Wewe wa Tanzania uliyefanya kidato cha sita mwezi wa Mei, unayo miezi ya kupumua, usiilalie. Wewe wa Kongo au Burundi ambaye vyeti vyako ni vya Kifaransa, utahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza, na hiyo haipatikani kwa siku moja.

Ndani ya fomu kuna insha kuu moja. Isipungue maneno 250, isizidi 650. Ni ukurasa mmoja na kidogo tu! Ndiyo maana huwezi kusimulia maisha yako yote tangu kuzaliwa. Chagua jambo moja. Vijana wengi huandika, "Nimezaliwa katika familia maskini, lakini kwa bidii nimefaulu." Ni kweli, lakini wenzako maelfu wameandika hivyo hivyo. Ukilitoa jina lako juu ya karatasi, insha hiyo inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Mwaka uliofuata mpwa wangu aliomba tena. Safari hii alikataa kunionyesha insha mpaka alipoimaliza. Nilipoisoma nilicheka, halafu nikaona aibu. Aliandika habari za viti vya kanisa.

Kanisa letu lilikuwa na viti vya plastiki 120 vya kukodisha kwenye harusi na misiba. Vilikwenda, vikarudi pungufu, na kila mtu akawalaumu vibarua. Katika ile miezi ya kusubiri kwenda kidato cha tano, kijana alivihesabu, akakuta 79. Akafungua daftari. Akapiga alama ya rangi chini ya kila kiti. Akaanza kuwafuata waliokodi, nyumba kwa nyumba. Vikarudi 34, na saba havikuonekana tena. Katika hivyo 34, sita vilitoka nyumbani kwangu mimi! Tulivichukua kwenye msiba, tukavizoea. Aliandika jinsi alivyosimama mlangoni kwangu dakika nyingi akiogopa kubisha hodi, kwa sababu kwetu kijana hamdai mjomba wake, tena mzee wa kanisa. Kisha akabisha.

Ndugu msomaji, jambo hilo lilikuwepo tangu mwaka ule wa kwanza. Mimi niliwahi kuliona daftari lile, nikalipita, nikaenda kutafuta kisima. Na wewe una daftari lako mahali fulani. Jiulize: ni jambo gani nilifanya pasipo kutumwa? Ni wapi niliogopa, nikafanya hivyo hivyo? Ni nini kilibadilika, na mimi nilijifunza nini? Andika rasimu ya kwanza hata kama ni kwa Kiswahili, kwa lugha unayowazia. Baadaye iweke katika Kiingereza chepesi. Mwalimu akusahihishie sarufi na akuulize maswali, lakini asikuandikie sentensi.

Na tusidanganyane kuhusu akili bandia. Sheria za Common App zinahesabu kuwa ni udanganyifu kuleta kama kazi yako insha iliyoandikwa na mtu mwingine, au iliyotolewa na programu ya akili bandia. Unapotuma, unaweka sahihi kwamba yote ni kweli na ni kazi yako mwenyewe. Uongo ukigundulika hata baada ya kupokelewa, nafasi inaweza kufutwa.

Baada ya insha kuna orodha ya shughuli. Nafasi ni 10, si lazima uzijaze zote. Hapa watoto wa kanisani ndipo wanapopunjika. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, sisi shuleni hatuna klabu ya roboti wala ya mijadala, sina cha kuandika." Nikamwuliza, jioni unafanya nini? Akasema, "Napika, nawaogesha wadogo zangu, namsaidia mama kuuza genge." Kumbe! Fomu ile ina kundi la majukumu ya familia, lina kundi la kazi ya malipo, na lina kundi la shughuli za dini. Kufundisha watoto Jumapili, kupiga kinanda, kufunga vyombo vya muziki, kulea wadogo zako saa nne kila siku, yote hayo yana mahali pake.

Ila kila shughuli unapewa herufi 150 tu, pamoja na nafasi kati ya maneno. Usipoteze herufi kwa sifa. Usiandike "kiongozi shupavu mwenye maono kanisani". Andika hivi: "Nilitunza daftari la viti 120 vya kukodisha, nilifuata waliokodi nyumba kwa nyumba, viti 34 vilivyopotea vilirudi." Umeona? Idadi, kitendo, matokeo. Wengine mnasema, si ni kujisifu huko? Hapana. Kujisifu ni kuongeza juu ya kilichotokea. Kusema kilichotokea kama kilivyotokea ni kushuhudia. Na kukificha pia si unyenyekevu, maana anayesoma hana njia nyingine ya kukujua.

Barua za walimu. Chagua mwalimu anayekufahamu, hata kama si mkuu wa shule. Mwombe mwezi mmoja kabla, umpe karatasi yenye mambo mliyofanya pamoja ili akumbuke. Mchungaji naye anaweza kuandika pale chuo kinaporuhusu barua ya ziada. Lakini mchungaji, nakuomba, usihubiri katika barua ile. Sema ulichomwona kijana akifanya.

Mahojiano. Si vyuo vyote vinavyohoji, na usipoitwa usikate tamaa. Mara nyingi anayekuhoji ni mtu aliyesoma chuo hicho, anajitolea tu. Yakumbuke mambo ya Nehemia mbele ya mfalme Artashasta. Aliomba, ndiyo. Lakini mfalme alipomwuliza safari itachukua muda gani, alikuwa na muda wa kumtajia. Akaomba barua za kwa maliwali, akaomba na miti kwa mtunza msitu. Mtu yule alikuwa ameshaifikiria kazi yake kabla ya kuulizwa. Nawe fanya hivyo. Soma habari za chuo, ujue masomo gani yanakuvuta na kwa nini. Jizoeze kwa sauti na rafiki, mara tatu au nne. Chaji simu, tafuta mahali penye mtandao na utulivu, waombe majirani wapunguze redio. Ukiulizwa usichokijua, sema "sijui, lakini ningependa kujua." Na uwe na maswali yako mawili ya kumwuliza yeye.

Mwisho ni fedha, na hapa nasema na wazazi. Kupokelewa bila msaada wa ada hakutatusaidia wengi wetu. Vipo vyuo ambavyo hata kwa mwanafunzi wa kigeni haviangalii uwezo wa familia wakati wa kuamua nani apokelewe, kisha hutoa msaada kwa kadiri ya mahitaji. Miongoni mwao ni Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Kuingia huko ni kugumu sana. Vyuo vingi vingine hutazama pia kama familia inaweza kulipa, lakini baadhi vina msaada mzuri, kwa hiyo usiombe kimoja tu. Fomu za msaada zitauliza mapato yenu. Mzazi, hesabu shamba, duka na ng'ombe, useme kweli. Usijifanye tajiri kwa sababu ya aibu, wala maskini kupita ulivyo. Ada ya maombi nayo yaweza kusamehewa ukiomba. Na ushauri wa bure upo: mtandao wa EducationUSA, ulio chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Akija mtu anasema, "Nipe dola kadhaa nikuhakikishie nafasi," mfungulie mlango atoke. Hakuna anayeweza kuhakikisha.

Mtaniuliza, yule mpwa wako je? Aliomba vyuo tisa. Vinane vikasema hapana. Kimoja kidogo, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia hapa Sirari, kikasema ndiyo, pamoja na msaada wa ada. Sasa yuko mwaka wa pili. Kwenye mahojiano waliuliza habari za viti, akazungumza mpaka muda ukaisha. Juzi alinipigia simu, tukaongea karibu nusu saa. Akaniuliza kama vile viti saba vimepatikana. Nikamwambia bado. Akasema, "Mjomba, hebu angalia tena stoo kwako."

Nikaenda kuangalia. Vilikuwepo viwili.

Kijana, anza leo na daftari na kalamu. Mzazi, kaa karibu naye, mpikie chai, mwombee, lakini kalamu mwachie yeye.