Injini Nayo Hupumua

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano: pistoni, ringi, oili, mvuke, tabo. Wanafunzi, yasomeni pamoja kwa sauti. Vema.

Leo nasema hasa nanyi mlioko Makongolosi. Kwenu motokaa ni chombo cha kazi. Hubeba mawe ya dhahabu, hubeba tumbaku, hupeleka mgonjwa hospitali. Injini ikifa, riziki ya nyumba nzima husimama.

Dereva mmoja wa huko alinisimulia mkasa wake. Pikapu yake ni ya dizeli, yenye tabo. Siku moja aliona mpira mmoja juu ya injini unatoa moshi na kudondosha oili. Akaudhika. Akauchomoa, akaziba tundu kwa kijiti na kitambaa. Moshi ukakoma, naye akafurahi. Siku ya tatu, akipanda mlima kutoka Mbeya kwenda Chunya, moshi wa buluu ulitanda nyuma yake. Injini ikanguruma kwa kasi yenyewe. Akazima ufunguo, lakini haikuzimika!

Kwa nini? Sikilizeni.

Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka, na mafuta huwaka juu yake. Pistoni huvishwa ringi za chuma ili moto usipenye. Lakini hakuna ringi izibayo kabisa, hata ikiwa mpya. Hewa kidogo hupenya, hushuka tumboni mwa injini, mahali penye krenki na oili. Humo huchanganyika na oili ya moto inayorushwarushwa, ikawa mvuke. Mvuke huo sharti upate njia ya kutokea. Akina mama wanajua: chungu cha maharage kikichemka, mvuke huinua mfuniko. Je, ukiufunga mfuniko kwa kamba, itakuwaje? Basi, ule mpira ndiyo pua ya injini.

Zamani mvuke huo ulimwagwa barabarani tu. Ulichafua hewa ya miji. Kuanzia magari ya mwaka 1961, huko California, Marekani, motokaa mpya zilianza kutiwa valvu ya kuurudisha mvuke ndani ya injini ukaungue.

Sasa tuje kwenye tabo. Tabo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa injini, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Faida yake mnaiona katika mlima ule wa Mbeya na Chunya. Barabara hupita juu ya mita 2,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi.

Lakini tabo huleta mambo matatu. La kwanza, nguvu ndani ya silinda huzidi, kwa hiyo hewa inayopenya kwenye ringi nayo huzidi.

La pili, katika injini ya petroli isiyo na tabo, bomba la kuingizia hewa hufyonza, nalo huvuta mvuke. Tabo ikifanya kazi, bomba hilohilo husukuma. Kama njia ingekuwa wazi, hewa ingerudi tumboni. Kwa hiyo huwekwa valvu ya njia moja, na mpira wa pili unaokwenda kati ya eya klina na tabo, mahali ambapo hewa ingali inafyonzwa. Injini nyingi za dizeli hutumia njia hiyo ya pili.

La tatu, tabo yenyewe hulainishwa kwa oili, na oili hiyo hurudi chini kwa uzito wake tu. Tumbo la injini likijaa nguvu, oili haishuki. Hupenya kwenye sili za tabo, huingia katika hewa, na injini ya dizeli huila kama mafuta. Ndiyo sababu ufunguo haukumsaidia dereva wetu.

Aliponaje? Alikanyaga breki kwa nguvu, akatia gia ya juu, akaachia klachi. Injini ikafa. Injini ikiwa katika hali hiyo, msipeleke mkono kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Watu wakae mbali.

Basi fanyeni hivi:

1. Msiuzibe mpira wa kupumulia. Ukipasuka, wekeni mwingine unaostahimili oili. Mpira wa maji huharibika upesi.

2. Mnapobadilisha oili, chomoeni mpira, usafisheni kwa mafuta ya taa na ukaukeni kabisa kabla ya kuurudisha. Valvu ijaribiwe kwa pampu: hewa ipite upande mmoja tu.

3. Injini ikiunguruma polepole, fungueni kifuniko cha kujazia oili, mkiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikitikisika kidogo, si neno. Kikirushwa, ringi huenda zimechakaa. Mwiteni fundi.

4. Safisheni eya klina. Vumbi la machimboni hula ringi.

5. Mkitia kopo la kunasia oili, liwe na njia ya kuingilia na ya kutokea, na limwagwe mara kwa mara.

Mpira ukidondosha oili, injini inawapa habari. Tafuteni sababu, msiizibe pua.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mvuke wa oili hutoka wapi?
2. Kwa nini injini yenye tabo huhitaji valvu ya njia moja?
3. Dereva alikosea nini, na aliizimaje injini?

Andikeni majibu katika daftari zenu. Kwaherini.